Mjadala: Picha za ukame zipigwe au zisipigwe? Na zikipigwa ni za nani?

Wadau, huu mjadala unarudi kila mvua ikikosekana na kila mara tunagawanyika vilevile, kuna wanaosema picha za mizoga na watoto waliokonda zinatuaibisha watu wa kaskazini mwa Kenya, zipigwe marufuku kabisa, na kuna wanaosema bila picha hakuna gunia la unga litakalofika. Mimi nasema picha zipigwe, tena nyingi, ila vile zinapigwa saa hii siwezi kutetea, na nawaambia kwa nini.

2022 nilipata kibarua cha kutafsiri, kuna mpiga picha aliletwa huku Marsabit na shirika fulani. Mnaukumbuka huo mwaka, mvua ilianza kukataa mwisho wa 2020 na ikaja kukataa misimu 5 mfululizo, Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ikaisha. Tukamkuta mama mmoja wa rika la mama yangu karibu na kisima, mtungi wa lita 20 mgongoni. Aliposikia anapigwa picha akafurahi, akaomba tumngoje, akaingia ndani akatoka na shanga zake zote shingoni na leso safi. Jamaa akaniambia nimwambie avue arudi vile alivyokuwa. Nikatafsiri. Hilo neno linaniuma mpaka leo, ningeweza kukataa na sikukataa. Mama akavua, akatembezwa na ule mtungi mara tatu kwa sababu jua halijakaa vizuri, na mara ya tatu akaniuliza, "Kijana wangu, hii picha itarudi hapa?" Nikanyamaza. Halafu akanyoosha mkono kwenye kibanda cha jenereta ya kisima akasema kama mnatafuta kitu cha kupiga pigeni ile, imelala miezi miwili na hakuna fundi amekuja. Jenereta haikupigwa hata moja.

Sasa wale mnaosema picha ni ushahidi, ushahidi wa nini? Ile picha ilionyesha mama maskini na jua kali, yaani makosa yote ni ya mawingu. Jenereta ina mtu wa kuulizwa, ina ofisi, ina bajeti. Mawingu utayapeleka kwa nani?

Chukueni ile picha ya twiga 6 waliokufa kule Sabuli, Wajir, Desemba 2021, ile iliyozunguka dunia nzima. Wengi waliiona kutoka juu, twiga wamelala kwenye vumbi, wakafikiri walianguka pale pale. Hao twiga walikwama kwenye tope la bwawa lililokuwa limebaki maji kidogo wakitafuta kunywa, na mizoga ikahamishwa isije ikachafua yale maji. Mzoga wa twiga haujihamishi jamani! Kuna kazi ilifanyika pale ya kuokoa maji katikati ya dhiki, na mtu akiangalia ile picha peke yake bila maelezo haoni hata alama ya hiyo kazi, anaona kifo tu.

Nakubali picha zinasaidia, huo ukweli siufichi. Mohamed Amin, mtu wa Nairobi, alienda Korem Ethiopia 1984 na zile picha zake za video zilifanya dunia ichange pesa ambazo hazikuwahi kuonekana, watu waliokolewa. Lakini pia walioziona wengi walibaki wakijua ni ukame tu, vita ya serikali ya Mengistu, mtawala wa Ethiopia wakati huo, na waasi wa kaskazini mwa nchi hiyo iliyofanya njaa iwe mbaya vile haikuwaingia kichwani.

Kuna mwenzetu amesema dawa ni kuomba ruhusa, basi yameisha. Ndugu yangu, mtu ana siku mbili hajaweka sufuria motoni, gari limekuja na nembo ya msaada mlangoni, unamwuliza tukupige, unadhani atasema hapana? Yule mama alikubali. Na kwa watoto, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ruhusa ya mzazi au mlezi, lakini mzazi naye yuko kwenye foleni ileile. Kwangu ruhusa ya kweli ni pamoja na mtu kuchagua avae nini, asimame wapi, na nini kingine kipigwe.

Na kuna kitu kinaniudhi kuliko hayo yote, wapiga picha wanafika ng'ombe wakishakufa. Njooni mapema, wakati mbuzi bado anasimama lakini sokoni bei yake imeshaanguka, wakati wanaume wameshahama na mifugo na nyumbani wamebaki wazee na watoto. Hapo msaada bado una maana.

Sasa nawauliza. Nyinyi mnaopiga, kuna mtu amewahi kurudisha picha kwa mwenyewe, kwa mkono? Na nyinyi mliopigwa au mama zenu, mliwahi kuiona? Ya yule mama niliiona mwaka uliofuata kwenye bango moja Nairobi, bila jina, na yeye hajaiona.