Nalinda geti la mahakama, nataka kuingia ndani. Nianzie wapi?

LindoLaAlfajiri

Wakuu habari za majukumu. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni kijana wa miaka 24, nipo mkoa mmoja wa Kanda ya Ziwa. Kidato cha nne nilipata daraja la nne, pointi 27. JKT nimepita kwa kujitolea miaka miwili, nikarudi nyumbani na cheti na kofia. Sasa hivi nipo kampuni binafsi ya ulinzi, jina naliacha, na huu ni mwaka wa pili lindo langu ni geti la mahakama. Mshahara 180,000 kwenye makaratasi, tarehe ya kuingia wanaijua wao.

Kazi nimeipenda. Geti lenyewe hapana, mahakama ndiyo niliyoipenda. Saa mbili asubuhi karandinga linaingia, mahabusu wanashushwa wawili wawili kwenye pingu moja, ndugu wamejipanga ukutani wanaita majina. Saa tatu nasikia ndani "Kooorti!" na viti vinaburuzwa, watu wanasimama. Mimi nabaki nje na kitabu cha wageni na kile kifimbo cha kupekulia chuma ambacho betri yake inakata roho kila Alhamisi.

Wiki iliyopita alikuja bibi mmoja kumdhamini mjukuu. Kifimbo kikalia kiunoni. Nikamwita dada wa usafi amkague, tukakuta kisu cha kumenyea machungwa kimefungwa kwenye pindo la khanga. Nikakichukua, nikamwandikia namba kwenye kikaratasi. Mchana akatoka analia, mjukuu karudishwa rumande, akapita bila kukiulizia. Kipo kwenye droo yangu mpaka leo.

Swali langu: nafanyaje niwe askari kamili wa mahakama, yule anayesimama ndani karibu na kizimba? Nimetafuta chuo cha ulinzi wa mahakama sijakiona. Naombeni mwongozo.

ChumaChakavu

Dogo tafuta mtaji ufungue genge la mboga. Ulinzi kazi ya wazee wanaosubiri pensheni isiyokuja.

LindoLaAlfajiri

Asante mkuu. Genge likikubali nakuita ulilinde.

AfandeGoti

Marahaba kijana.

Chuo hujakiona kwa sababu hakipo. Hapo mahakamani kwako kuna sare tatu na wewe umezihesabu kama kazi moja. Anayesimama karibu na kizimba ni polisi wa kawaida wa wilaya. Walioshuka na karandinga ni Magereza, ingawa zipo sehemu kazi ya kusindikiza mahabusu bado inafanywa na polisi. Wewe wa getini ni mtu wa mkataba, na mkataba wenyewe si wako, ni wa kampuni. Mabosi watatu, mishahara mitatu, na hakuna ngazi inayotoka getini kwenda kizimbani. Ukitaka kuingia ndani itabidi utoke kabisa, uzunguke, uje na mlango mwingine.

Mlango wa polisi uko hivi. Huombi kuwa askari wa mahakama, unaomba upolisi. Ukichaguliwa unaenda shule ya polisi Moshi, ukimaliza unapangiwa wilaya, na huko OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, ndiye anayeona nani aende doria, nani usalama barabarani, nani mahakamani. Mimi nilikuwa FFU, kikosi cha kutuliza ghasia. Goti likaharibika, mkubwa akasema huyu apelekwe akasimame mahakamani. Nikasimama miaka tisa. Wenzangu waliona nimeadhibiwa, maana pale hakuna safari wala posho, na ukisinzia hakimu anakuona wa kwanza. Mimi nilikuja kuipenda kama wewe. Lakini ujue unaweza kula kiapo ukiwa na ndoto ya mahakama, ukajikuta unalinda benki Kigoma.

Vigezo: matangazo ya miaka ya karibuni, kwa kidato cha nne umri ni 18 hadi 25, daraja la nne mwisho pointi 28, asiwe ameoa, asiwe na mtoto, asiwe na tatuu. Pointi zako zinaingia. Umri ndio unakukimbia. Magereza vigezo havipishani sana, wao kuruta anaenda Kiwira kule Tukuyu, uchukue na sweta.

KaraniMstahimilivu

Mdogo wangu, mimi ni karani, nina miaka kumi na moja kwenye majalada. Kabla ya ajira tuongee kuhusu hicho kisu.

Kitoe kwenye droo leo. Kiandike kitabuni: tarehe, namba ya kikaratasi, kimetoka kwa nani, kimekutwa wapi, nani alishuhudia. Kisha kikabidhi kwa askari wa zamu naye asaini. Kisu kisicho na maandishi kwenye droo ya mlinzi ni kisu chako. Siku mtu akichomwa hapo uani utaanza kueleza habari za bibi na machungwa, na bibi humjui jina. Kumwita mwanamke amkague mwanamke ulifanya vizuri, wengi wanapapasa tu. Ila dada wa usafi si mkaguzi. Waambie kampuni walete mlinzi wa kike, na uwaambie kwa barua.

Halafu nikupe siri ya ndani. Watu wanaogopa siku za kesi za mauaji na ujambazi. Siku hizo ndizo tulivu, polisi wamejaa na mtuhumiwa kafungwa pingu. Mimi nimerukiwa meza mara mbili, zote kwenye mirathi. Ndugu wa tumbo moja, kiwanja kimoja, hakuna pingu, hakuna askari, na kila mmoja amekaa umbali wa mkono kutoka kwa mwenzake. Talaka na matunzo ya mtoto vivyo hivyo. Mlinzi mzuri anaangalia orodha ya kesi za siku ukutani kabla hajaangalia mikoba.

Kuhusu ajira, Mahakama ina watumishi wake wasio polisi, wanaajiriwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Wakitangaza utaona mahakimu, makarani, madereva, na kada ya mlinzi imeshawahi kuwemo. Nafasi huwa chache na waombaji ni nchi nzima, lakini barua ya hakimu mfawidhi, yaani mkuu wa mahakama hiyo, anayekufahamu haikai bure kwenye maombi. Usiidharau hiyo miaka miwili.

Mpitanjia_77

Karani kamaliza uzi. Mimi nilikuwa nakuja kusema "koneksheni" niondoke.

LindoLaAlfajiri

Dada Karani nashukuru sana. Kisu nimekiandika leo asubuhi, koplo kasaini huku anacheka.

Afande, kuna jambo sikulisema mwanzo. Mchumba wangu ana ujauzito wa miezi mitano. Hatujafunga ndoa. Na Novemba natimiza 25.

ChumaChakavu

Si nilisema genge.

Mpitanjia_77

Hilo dogo mbona jepesi. Mtoto akizaliwa aandikishwe kwa jina la babu yake upande wa mama. Wewe unajaza fomu "sina mtoto", unaenda Moshi, ukimaliza mafunzo unakuja kumtambua. Wangapi wamefanya hivyo na leo wana nyota begani?

AfandeGoti

Na wangapi wamerudishwa kutoka kwenye gwaride, hao hutawasikia humu. Nimeona kijana amebakisha wiki chache amalize, mzazi mwenzie kaja getini na mtoto mgongoni kudai matumizi. Alivuliwa sare siku hiyo hiyo, akarudi kwao na ndala.

Lakini ngoja niiache hiyo ya kukamatwa. Wewe kijana umesema unataka kusimama kwenye chumba ambacho watu wanashika Msahafu na Biblia kuapa. Utawatazama vipi usoni ukiwa na fomu ya namna hiyo? Na huyo mtoto anaanza maisha kwa kukanwa kwenye karatasi ya serikali. Mimi siwezi kukushauri hivyo.

Mpitanjia_77

Sawa afande, nimekaa chini.

NaiMashariki

Salamu kutoka Nairobi. Nilikuwa msomaji tu lakini hapa niseme neno.

Huku kwetu wanaolinda korti ni polisi pia, tunawaita "court orderly". Juni 13, 2024, pale mahakama ya Makadara, hakimu Monica Kivuti alipigwa risasi akiwa kazini. Siku hiyo kesi zilikuwa zikisikizwa ndani ya hema. Alikuwa ametoka kufuta dhamana ya mshtakiwa mwanamke aliyekuwa ameruka masharti, na aliyempiga alikuwa mume wa huyo mshtakiwa, afisa wa polisi wa cheo cha Chief Inspector. Maafisa waliokuwepo wakampiga risasi mume akafa papo hapo, na watatu kati yao wakajeruhiwa. Siku mbili baadaye hakimu naye akaaga dunia.

Nakuambia hivi kwa sababu wewe ndiye unakaa mlangoni. Mwizi unamkagua bila shida. Je, afande anayekuja na kitambulisho, anakuita kijana na kukupita, unamsimamisha? Hapo ndipo kazi yako iko.

LindoLaAlfajiri

Kaka huwa wanapita. Wote. Na mawakili. Nikimsimamisha wakili ananiuliza kama najua yeye ni nani.

BaridiYaBirmingham

Wakuu, nipo Uingereza, na kazi anayoiota dogo ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba. Huku mlinzi wa mahakama ni kazi yenye sheria yake, Courts Act ya mwaka 2003. Napewa mamlaka ya kumpekua yeyote anayeingia, kumzuia asiyekubali kupekuliwa, kumtoa nje mwenye fujo, na kushikilia kisu au kitu cha hatari. Bunduki sina. Ninachokitumia zaidi ni mdomo.

Mfano mdogo. Mtu akija na chupa ya maji au soda tunamwambia anywe funda moja mbele yetu. Akinywa anapita. Akisita, chupa inabaki. Hapo kinachotafutwa ni tindikali, na watu wa heshima zao wananung'unika kila asubuhi, jaji mstaafu mmoja alikunywa chai yake huku ananikodolea macho. Unatabasamu, unasema asante bwana, unamwita anayefuata. Mawakili huku waliwekewa utaratibu wa kitambulisho maalumu ili wapite haraka, na hata hao wanaweza kuchaguliwa ghafla wakapekuliwa. Mlinzi hajiulizi nani mkubwa, ni utaratibu umeandikwa na umebandikwa ukutani.

Kwa hiyo dogo, usipigane na wakili. Muombe hakimu mfawidhi atoe tangazo lenye saini yake kwamba kila anayeingia anakaguliwa, ulibandike juu ya meza yako. Wakili akikuuliza kama unajua yeye ni nani, unaonesha kidole ukutani.

Halafu jambo la kuchekesha, hata huku anayekaa na mshtakiwa kizimbani si mimi. Ni mtu wa kampuni nyingine kabisa yenye mkataba wa kusafirisha mahabusu. Miaka sita nipo mlangoni, kizimba nakiona kupitia kioo.

KaraniMstahimilivu

Kaka wa Birmingham umenipa wazo la tangazo, kesho napeleka kwetu.

Mdogo wangu, nimekaa nikafikiria zile pointi 27. Kwa masomo saba hiyo ni kama D sita na C moja, sivyo? Basi una zaidi ya D nne. Hizo zinakutosha kuomba astashahada ya sheria Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto. Ukimaliza hapo unaomba ukarani. Karani yumo ndani kila siku, ana kiti chake, na yule anayeita "Kooorti!" mara nyingi ni sisi. Hawakuulizi una mtoto au huna. Mimi nilijifungua wa pili nikiwa mwaka wa mwisho, na mtihani nilifanya.

Ada ndiyo mtihani, sikufichi. Kwa 180,000 isiyo na tarehe na mtoto anakuja, itabidi muda wa kujichanga au ndugu wa kukushika mkono. Lakini Lushoto haina ukomo wa miaka 25.

LindoLaAlfajiri

Ndiyo dada, D sita na C ya Kiswahili.

Nimewasoma wote. Mchumba nimemsomea uzi huu jana usiku, alipofika kwa yule wa kuandikisha jina la babu akanyang'anya simu. Polisi naona niiache. Ila roho inauma, afande. Toka mdogo nilitaka sare.

AfandeGoti

Najua inavyouma. Hivi una urefu gani? Sikukuuliza. Wanaume matangazo yanataka futi tano na inchi nane, na wanakupima peku.

LindoLaAlfajiri

Futi tano na inchi saba.

ChumaChakavu

😂😂😂

AfandeGoti

Basi Lushoto hawapimi.