Tupeane uzoefu: kitabu gani cha sayansi ya kubuni kilikukosesha usingizi?

Wakuu habari za jioni. Kila nikiomba watu wanitajie vitabu vya sayansi ya kubuni naishia kupewa majina ya muvi, mi nataka vitabu, tena na stori yako na hicho kitabu, ulikipata wapi na ni sehemu gani imekuganda kichwani mpaka leo.

Naanza mimi. Kindred ya Octavia Butler, ilitoka 1979. Nilikipata kwenye vitabu vya mtumba vile vinavyopangwa chini, jalada limechanika, nikaanza kukisoma kwenye daladala nikapitiliza kituo. Kuna dada mweusi anaitwa Dana, yuko California mwaka 1976, kahamia nyumba mpya na mumewe wanapanga vitabu, ghafla kizunguzungu, akija kushtuka yuko kando ya mto Maryland enzi za utumwa na kuna mtoto wa kizungu anazama. Anamwokoa. Kumbe yule mtoto ndo mmoja wa mababu zake, na kila akiwa hatarini Dana anavutwa tena kule, asipomwokoa ukoo wake wenyewe hautazaliwa. Hakuna mashine humo, Butler wala hahangaiki kukueleza anasafirije. Anakuonyesha mtu wa juzi tu anavyozoea utumwa, taratibu, mpaka anajikuta akifika pale shambani anajisikia kama karudi nyumbani. Hapo niliweka kitabu chini nikakaa kimya kabisa. Na mstari wa kwanza anakwambia amepoteza mkono, ila mkono umekwamia wapi utajua mwishoni.

Haya, zamu yenu.

Mdau wa Kilifi:
Mkuu asante kwa mada, ila na vya kwetu tusivisahau. Walenisi ya Katama Mkangi, 1995. Dzombo kahukumiwa kufa, anafungiwa kwenye chombo kinarushwa angani akafie huko, sasa badala ya kukata tamaa anahangaika nacho mpaka anajua kukiendesha, anaenda kutua kwenye sayari ambayo watu wanaishi kwa usawa. Mwalimu wetu aliandika jina ubaoni, halafu akachora vijistari kwa chaki, wale-ni-sisi, darasa zima likaguna. Mkangi mwenyewe aliwahi kuwekwa kizuizini 1986, kwa hiyo ukisoma ile safari unajua anayeandika anaijua selo. Kiswahili chake kitamu mno, kitafuteni jamani.

Mdau wa Morogoro:
Mi nimesomea kilimo kwa hiyo The Martian ya Andy Weir nilikisoma na kalamu mkononi. Jamaa kaachwa peke yake Mars, anachanganya udongo wa kule na kinyesi anapanda viazi, maji anayatengeneza kutokana na mafuta ya roketi, na kila hatua anakupigia hesabu. Weir alianza kukitoa bure kwenye tovuti yake sura moja moja. Kama hupendi hesabu utachoka, mi nilikimaliza siku mbili.

Dada wa Muscat:
Mimi nilivutwa na jina tu, Binti, ya Nnedi Okorafor, 2015. Kitabu chembamba, unamaliza usiku mmoja. Huyo Binti ni Mhimba, wale wa Namibia wanaojipaka udongo mwekundu na mafuta, hodari wa hesabu balaa, anatoroka kwao alfajiri bila kuaga kwenda kusoma chuo kilichopo sayari nyingine, kabeba kopo la ule udongo wake na watu wanamshangaa njia nzima. Mimi nilivyotoka Tanga kuja huku kazini nilibeba chupa ya mafuta ya nazi aliyonipikia bibi, nikawa najipaka kidogo kidogo yasiishe. Kwenye kitabu udongo wake nao unakaribia kwisha, akifika kule anachimba udongo wa palepale anatengeneza mwingine, anasubiri aone kama utafanya kazi. Nililia pale. Ijumaa iliyofuata nikaenda sokoni nikanunua nazi nne, nikakuna, nikachuja tui nikabandika jikoni, chumba kizima kikanukia nyumbani kwa bibi.