Mnapanga afya na shule za Wahadzabe mkiwa hotelini Masaki na hakuna Mhadzabe hata mmoja ukumbini

Wakuu, hili jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita, acha niliweke hapa maana nimechoka kulisema na watu wawili watatu ofisini halafu linaishia hapohapo.

Kuna taasisi moja, jina sitaji, iliitisha kikao kazi hapa Dar, hoteli nzuri tu ya kule Masaki. Ajenda ni kuandaa mpango wa huduma za afya, ustawi wa jamii na elimu kwa jamii zilizo pembezoni, na waliolengwa hasa ni Wahadzabe, wale wawindaji na waokota matunda wa bonde la Yaeda na kando ya Ziwa Eyasi kule kaskazini, pamoja na wafugaji wa Kibarabaig wa upande huohuo. Mi niliitwa kuandika muhtasari, ndo kazi inayoniweka mjini. Muda wa utambulisho nikatega sikio nisikie mtu anasema natokea Mongo wa Mono, natokea Domanga, natokea Mang'ola, vijiji vya hukohuko. Ukumbi mzima umejitambulisha mpaka dereva, hakuna. Watu wa Dar, watu wa Dodoma, wawili wa Arusha mjini, konsalta mmoja kaja na ndege. Sasa tunapanga maisha ya nani?

Mpaka chai ya saa nne kitu kilikuwa kimeshaamuliwa. Zahanati moja, bweni moja, nyumba za watumishi, gari la usimamizi. Nikanyoosha mkono nikauliza wenyewe wameulizwa wapi, nikajibiwa watashirikishwa kwenye uhakiki wa rasimu. Yaani mtu unampimia suti akiwa hayupo, unakata kitambaa, unashona, halafu unamwita aje aseme imemkaaje.

Tatizo langu na huu mpango ni moja, umepangiwa watu wanaokaa mahali pamoja mwaka mzima. Hawa hawakai. Kambi ya Wahadzabe ni watu kama thelathini hivi, wanahama kufuata asali, mizizi, ubuyu, nyama na maji, masika wapo huku kiangazi wapo kule, na hawajaanza jana, wameishi hivyo kabla hata ya hizo wilaya tunazogawia bajeti. Hawafiki watu elfu mbili kwa jumla na wametawanyika Mbulu, Karatu, Mkalama mpaka Meatu, yaani mikoa minne. Kila halmashauri ukiiangalia peke yake wao ni kikundi kidogo kisichofikisha idadi ya kupewa chochote, na hizo halmashauri kukaa meza moja kuwapangia watu walewale, mi sijawahi kuiona hiyo ajenda mahali popote.

Hela zetu nyingi zinafuata vichwa. Chukueni ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi, ni sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, inayofika shuleni ni 6,000. Shule ya Mbagala yenye watoto 3,000 inapata milioni 18. Shule ya porini yenye watoto 80 inapata 480,000 mwaka mzima, ni elfu arobaini kwa mwezi, humo kuna chaki, karatasi za mitihani, kitasa kikiharibika, na nauli ya mwalimu mkuu kwenda wilayani kupeleka taarifa, na huko nauli peke yake ni balaa maana Yaeda Chini masika inageuka bwawa pikipiki yenyewe haipiti. Kwa hesabu hiyo aliye mbali na mchache anapewa kidogo kuliko wote wakati gharama yake ni kubwa kuliko ya wote. Hili nililisema kikaoni, nikaambiwa fomula ni ya kitaifa. Sawa ni ya kitaifa, si ndo kilichotukutanisha hapo? Kama mpango maalum haugusi fomula, umaalum wake uko wapi?

Halafu bweni. Kila kikao kikiguswa tu kwenye elimu ya hawa watoto jibu ni bweni. Mtoto wa miaka saba anatolewa kambini anapelekwa kulala na watoto wa makabila mengine wanaomcheka lugha yake yenye milio ya ulimi, mwalimu anafundisha Kiswahili ambacho yeye hakijui kabisa, chakula ni ugali na maharage kila siku, wazazi hawaoni mpaka likizo. Anatoroka. Anatembea kwa mguu kurudi kwao. Halafu kwenye ripoti inaandikwa "mwamko mdogo wa wazazi kuhusu elimu". Nimeiandika hiyo sentensi kwenye mihtasari mingi kwa sababu ndivyo wanavyosema wakubwa, na kila nikiiandika roho inaniuma. Mzazi gani mwenye mwamko atamwacha mwanae mahali anapolia kila usiku?

Kuna dogo mmoja wa kule aliyefika sekondari, nilikutana naye kwenye shughuli nyingine hapahapa mjini, nikamuuliza kilichomsaidia yeye nini. Akaniambia darasa la kwanza alikuwepo kaka mkubwa wa kwao, si mwalimu wa serikali, mtu tu wa kujitolea, anawatafsiria Kihadzabe mpaka wakazoea. Basi. Hajataja jengo. Sasa huyo kaka kwenye mpango wetu hayumo, maana hana cheti cha ualimu na hakuna kifungu cha kumlipa, ila kuna kifungu cha vitanda vya chuma.

Na hii ya kuwakusanya mahali pamoja si mpya, ndo maana hasira zinanipanda. Miaka ya 1960, uhuru una miaka michache tu, serikali pamoja na wamisionari waliwakusanya Yaeda, wakajengewa, wakaletewa chakula, wakaambiwa walime. Watu waliozoea kambi ndogo zinazohama wakabanwa sehemu moja, magonjwa yakawapiga, wapo waliokufa, chakula kilipokata wengi wakarudi porini. Majaribio ya namna hiyo yakaja tena baadaye na yakaisha vilevile. Tunayo hii historia, imeandikwa, halafu 2020 na kitu watu wenye shahada zao wanakaa chini ya kiyoyozi wanapendekeza "makazi ya pamoja ili kurahisisha ufikishaji wa huduma". Kurahisisha kwa nani?

Tuje kwenye ustawi. Hizi ruzuku za TASAF, ule mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, kwa kaya maskini, sipingi, zimesaidia watu wengi nchi hii. Ila masharti yake mtoto ahudhurie kliniki, ahudhurie shule. Kliniki iko siku nzima ya kutembea na kambi imehama, anakatwa. Malipo mengine yanakwenda kwa simu, na laini haisajiliwi bila kitambulisho cha NIDA na alama za vidole, sasa mtu asiye na cheti cha kuzaliwa wala nyumba yenye namba aanzie wapi? CHF nayo, ile bima ya afya ya jamii, ilipangwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Kambini nyama ikiingia inagawiwa kambi nzima, watoto wanalelewa na kambi nzima, we unakuja na fomu ya watu sita unaanza kuchagua nani awemo nani abaki nje.

Na kitu ambacho hakikutajwa kabisa siku zote za kikao ni ardhi. Hata mara moja! Afya ya hawa watu ni pori lao. Pori likiwepo wanakula vizuri kuliko sisi wa chipsi mayai, likiisha wanaanza kuomba. Vitunguu vya Mang'ola tunavinunua Kariakoo na Ilala kila siku, tunavipenda, ila lile eneo la chemchemi lilikuwa la Wahadzabe kuokota, kuwinda na kunywa maji, leo ni mashamba. Mifugo imeingia, wakulima wameingia, mwaka 2007 ikaja mpaka kampuni ya uwindaji ya kigeni kutaka bonde la Yaeda, mpaka kelele zilipozidi ikaondoka. Huwezi kumwondolea mtu chakula halafu ukampangia mradi wa lishe.

Anayesema hawawezi kupanga mambo yao akaangalie kilichotokea 2011. Walipata hatimiliki ya kimila ya pamoja kwa ardhi yao kule Yaeda kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Baada ya hapo wakaingia kwenye biashara ya hewa ukaa, wanalinda msitu wanalipwa, na hela inaamuliwa na jamii zenyewe. Wamepeleka wapi? Kulipia wagonjwa wanaopelekwa hospitali, kulipia watoto shule, kulipa vijana wao wanaolinda pori. Afya, elimu, ajira. Mpango tunaoutafutia wafadhili hotelini wenzetu wanautekeleza miaka yote hii, na hakuna aliyeona umuhimu wa kuwaita waeleze wanafanyaje.

Mi si mtaalam, mi naandika muhtasari, ila nimekaa kwenye hivi vikao kiasi cha kujua nini kinawezekana. Huduma za mkoba zipo kwenye miongozo yetu ya afya siku zote. Weka gari, dizeli na posho ya muuguzi vifuate kambi kila mwezi, chanjo, mama wajawazito, dawa za malaria, anayezidiwa apelekwe hospitali ya Haydom. Ni bei ndogo kuliko zahanati itakayokaa na popo ikisubiri nesi aripoti. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaoajiriwa kwa mpango uliozinduliwa Januari 2024, hakikisheni wanaohudumia kambi za Wahadzabe ni Wahadzabe, wanaojua leo kambi iko wapi, na msiwaangushe kwa cheti. Huyo kaka anayetafsiri darasa la kwanza alipwe. Kalenda ya shule isogezwe kidogo iendane na misimu yao, Mungu hatakasirika.

NAONGEZEA baada ya kusoma majibu yenu.

Mkuu uliyesema naleta ukabila. Sensa zetu haziulizi kabila tangu ile ya 1967, na sababu naijua, naiheshimu, sitaki irudi. Ila sensa ya 2022 ilifika mpaka kitongoji, majengo yalihesabiwa, vishikwambi vilitumika, kwa hiyo huhitaji kumuuliza mtu kabila lake kujua kitongoji gani hakina maji, hakina kliniki na watoto wake hawako shule. Panga kwa kitongoji, utawafikia.

Dada uliyeuliza kwani wasihame wakaja kwenye huduma kama sisi tulivyohama mikoani. Sisi tulihama kwa kupenda, dada yangu. Botswana walitumia njia hiyo kwa Wasan, wawindaji wa jangwa la Kalahari, wakakata maji na huduma mwaka 2002 ili watoke, ikaishia mahakamani na 2006 mahakama ikasema waliondolewa isivyo halali. Huduma isiwe fimbo ya kumtolea mtu kwao.

Na wewe uliyenifuata pembeni kuniambia ulikuwa ukumbini na unanijua, vizuri, basi unajua pia rasimu inafungwa mwisho wa mwezi. Kifungu cha uhakiki kina hela ya siku moja hapahapa Dar. Hiyo hela inatosha kabisa watu watatu kwenda Yaeda, wakakaa chini na wazee na akina mama kambini, wakasomewa rasimu yote kwa lugha yao. Mi niko tayari kwenda kuandika muhtasari bila posho. Mwambie bosi wako, au nipe namba yake nimwambie mwenyewe.