Bomba la antena linatetemeka na kusi hapa Sahare, naweza kupata umeme wa kuchaji simu?

Mwana_Sahare: Wakuu, salaam. Nina kibanda cha kuchaji simu huku Sahare, Tanga. Kusi likivuma, bomba la antena linatetemeka mpaka bati linalia. Nikasikia habari za piezo, vile visahani vya shaba vya ndani ya saa za kengele, kwamba vikipindwa vinatoa umeme. Nimebandika vichache juu kwenye ncha, maltimita inaruka kupita volti 12. Nikiunga balbu, giza! Shida ni waya? Nikiongeza visahani je?

FundiRedio_Ngamiani: Mkuu, waya hauna kosa. Volti unayo, ampea huna. Kisahani kimoja kwenye upepo kinatoa maikrowati (wati moja ukiigawa mara milioni), kikijitahidi sana miliwati moja (wati ukiigawa mara elfu). Simu inataka wati 5. Hata tukikupa hiyo miliwati moja, utahitaji visahani 5,000. Wateja watakusubiri mpaka kaskazi ije 😂 Tena umeme wake ni wa kwenda na kurudi. Upitishe kwenye diodi nne (zinaruhusu umeme upande mmoja tu), ujaze kapasita ya kuuhifadhi, hapo taa ndogo ya LED itakonyeza mara mojamoja.

Mwl_Fizikia: Kitu chenyewe si uongo. Pierre Curie na kaka yake Jacques walikionyesha mwaka 1880, na viberiti vingi vya gesi vya kubonyeza vinatumia hichohicho. Kinachotikisa bomba lako ni vimbunga vidogo vya hewa vinavyochomoka nyuma yake, mara kushoto mara kulia. Chukua kasi ya upepo, zidisha kwa 0.2, gawa kwa unene wa bomba. Upepo wa mita 5 kwa sekunde na bomba la sentimita 5 ni mitikisiko kama 20 kwa sekunde. Ikilingana na mtikisiko wa asili wa bomba, ndipo linapocheza kwelikweli. Upepo ukibadilika, limetulia, na umeme umekwisha. Halafu visahani vinakaa chini karibu na shina, ndiko bomba linakopindika zaidi.

Dada_Chumbageni: Mnamfundisha kulitikisa zaidi, likimwangukia mteja? Kaka, kaza hilo bomba kwanza.

Mwana_Sahare: Nimekusikia dada, kesho nalifunga nyaya. Sasa, visahani hivi vinafaa nini?

FundiRedio_Ngamiani: Sensa ndogo inayolala, ikiamka inapima joto, inatuma namba, inalala tena. Ya simu tafuta sola. Ukiung'ang'ania upepo, panga la kipenyo cha mita moja kwenye upepo huohuo linaweza kukupa wati 10 hivi. Ila huko ufukweni chumvi inakula beringi, grisi isikosekane.