Nimezika mama yangu Rungwe nikiwa na viza ya siku 90: Sheria ya Uraia inatuonea tuliosema ukweli

Ndugu wanajukwaa, habari zenu.

Naandika nikiwa Mbeya mjini, hapa Soweto kwa dada yangu, majuma mawili baada ya kumzika mama yetu kule Rungwe. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha, ila naomba anayetaka kunijibu ajibu hoja, kwa sababu matusi nimeshayasikia ya kutosha kwenye kikao cha ukoo.

Nilizaliwa Rungwe na kukua Rungwe, katikati ya migomba na chai, nikasoma uuguzi, na mwaka 2006 nikaenda kufanya kazi Ujerumani. Kwa miaka mingi nilikataa kuomba uraia wa huko, kwa sababu sheria yao ilikuwa ikimtaka Mwafrika kama mimi aukane kwanza uraia wake wa asili, na mimi sikuwa tayari kuukana Utanzania. Niliishi kwa kibali cha ukaazi wa kudumu, nikalipa kodi, nikatuma fedha nyumbani, nikaridhika. Tarehe 27 Juni 2024 sheria mpya ya uraia ya Ujerumani ilianza kutumika. Muda wa kukaa kabla ya kuomba ulipunguzwa kutoka miaka 8 hadi 5, na sharti la kuukana uraia wa kwanza likafutwa. Kwa upande wa Ujerumani, basi, mtu akifaulu mtihani wa lugha na ule wa maswali 33 ya uraia, anaruhusiwa kubaki na pasipoti zote mbili.

Nitaeleza kwa nini niliomba, maana ndugu zangu wengine wanasema niliuza nchi. Mama alikuwa ameanza kuugua, na mimi ni muuguzi. Nilitaka kuja kumuuguza mwenyewe kwa mwaka mzima. Lakini kibali cha ukaazi wa kudumu cha Ujerumani, kwa kawaida, hufa ukikaa nje ya nchi ile zaidi ya miezi 6, na mwanangu bado anasoma huko. Raia hafungwi na sharti hilo. Niliomba uraia ili nipate kukaa kando ya kitanda cha mama yangu bila kupoteza njia ya kurudi kwa mtoto wangu.

Cheti nilikabidhiwa Machi 2025. Sheria yetu niliijua: Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Sura ya 357, kifungu cha 7, inasema Mtanzania mtu mzima anayejipatia uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake anakoma kuwa raia wa Tanzania. Nilishauriwa na Watanzania zaidi ya wanne ninyamaze tu, niwe na pasipoti mbili kwenye mkoba, ya bluu nionyeshe Dar es Salaam na nyekundu nionyeshe Ulaya, kama wao wanavyofanya. Sikuweza. Nilipeleka pasipoti yangu kwenye ofisi inayohusika, nikaeleza kila kitu, nikatumaini kwamba mtu aliyekuja mwenyewe kusema kweli angepewa walau maelezo ya nini kinafuata. Yule mhudumu aliifungua ukurasa wa picha, akaigonga mhuri, akaitia kwenye droo, akaniambia, "Mama, tumemaliza." Miaka yangu yote ya Utanzania iliishia kwenye droo ile, na risiti sikupewa.

Mama alifariki mwezi wa Juni kabla sijapata likizo ya kuja kumuuguza. Tarehe 12 Juni nilitua Dar es Salaam na binti yangu wa miaka 16. Baba yake ni Mjerumani, na kwa kuwa yeye ni mtoto, sheria yetu inamruhusu kushika uraia wa nchi zote mbili mpaka atimize miaka 18. Alisimama kwenye mstari wa raia na pasipoti yake ya Tanzania. Mimi niliyemzaa, niliyemfundisha kusema "ugonile", salamu yetu ya Kinyakyusa, kabla hajajua kusoma, nilisimama mstari wa wageni na dola 50 za viza mkononi. Alipomaliza alikaa upande wa pili wa kizuizi akinisubiri, akinitazama kwa aibu ambayo hakuna mtoto anayestahili kuionea mama yake. Ofisa aliyenihudumia hakuwa na kosa lolote, alifuata sheria, tena alinipa pole ya msiba. Lakini nilikuwa ninakwenda kumzika mama yangu, na kwenye karatasi ya viza nilitakiwa kuandika sababu ya kuitembelea Tanzania.

Sasa nije kwenye ardhi, ambako ndiko moyo unakoumia zaidi. Mama aliniachia kipande cha shamba chenye migomba na parachichi, ambacho mimi ndiye niliyenunua miche yake na kulipa vibarua. Kikao cha ukoo kilipokaa baada ya matanga, mjomba mmoja alisimama akasema mgeni harithi shamba la kijiji. Nilidhani ni maneno ya hasira tu, mpaka tulipokwenda kuuliza na kujibiwa vivyo hivyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kwa hiyo mimi, ili nivune ndizi alizopanda mama yangu, natakiwa niwe mwekezaji.

Najua wengi mtaniambia habari ya Hadhi Maalum. Nimeisoma. Mwaka 2025 Bunge lilirekebisha Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi ili raia wa nchi nyingine wenye asili ya Tanzania wapewe hadhi hiyo, na sikatai kwamba itawasaidia watu, pengine hata mimi kwa hili shamba. Lakini hadhi inaombwa, na kinachoombwa kinaweza kunyimwa. Hadhi haipigi kura. Mwenye hadhi bado ni mgeni, ila mgeni anayejulikana. Na nikitaka kurudi kuwa raia kwa njia ya tajnisi anayopitia raia wa kigeni, masharti ni kwamba niwe nimeishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka 7 katika miaka 10 iliyotangulia hapo, nithibitishe kwamba najua Kiswahili au Kiingereza, kisha niukane uraia wa Ujerumani.

Wanaosema uraia wa nchi mbili ni hatari kwa usalama wa taifa nawaomba watazame ramani. Kenya iliruhusu kwa Katiba ya mwaka 2010, na ikaweka katika ibara ya 78 kwamba mtumishi mkuu wa dola asiwe na uraia wa nchi nyingine, hofu hiyo ikapata jibu lake. Uganda inaruhusu. Rwanda inaruhusu. Zambia, hapo Tunduma ukivuka barabara tu, iliruhusu mwaka 2016. Malawi iliruhusu mwaka 2019.

Hapo Malawi ndipo ninaposhindwa kabisa kuvumilia. Hospitalini ninakofanya kazi Ujerumani kuna dada wa Karonga, Mngonde. Sisi Wanyakyusa na Wangonde lugha yetu ni moja, tumetenganishwa na mto Songwe tu, na yeye na mimi tukiwa zamu ya usiku huongea lugha ya nyumbani wodini bila mtu mwingine kuelewa. Tuliomba uraia pamoja, tukapata vyeti vyetu ndani ya wiki moja. Yeye alifiwa na baba yake Mei, akaenda Karonga na pasipoti yake ya Malawi, akazika, akagawana shamba na kaka zake, akarudi kazini. Mtu wa ng'ambo ya mto ana nchi mbili, na mimi wa ng'ambo hii naambiwa nimeikana yangu.

Waheshimiwa wabunge wa mikoa yetu hii ya Nyanda za Juu Kusini, ambao wapiga kura wao wengi wana mtoto au ndugu nje ya nchi, naomba wapeleke bungeni marekebisho ya kifungu cha 7 chenyewe, kwa raia wa kuzaliwa, na wasitosheke na hadhi. Na kama kuna mwanasheria humu anayejua kama mirathi ya shamba la kijiji inaweza kuandikwa kwa jina la binti yangu kabla hajatimiza miaka 18 Machi 2027, ambapo naye atatakiwa kuchagua, aniandikie. Viza yangu inaisha tarehe 9 Septemba.