Kundi la Wazazi na Majirani: rasimu ya mwongozo wa ustawi wa wanafunzi

Mama Neema: Habari za jioni wapendwa. Shikamooni wazee wetu. Kama mlivyosikia kwenye tangazo, Jumamosi wazazi tunakaa shuleni kupitisha mwongozo wa afya na ustawi wa wanafunzi. Kamati ya shule imenipa kazi ya kuandika rasimu. Sitaki ifike kikaoni wazazi hawajaiona, ndiyo maana naileta humu. Kila mtu aseme.

Mwenyekiti wa Mtaa: Marahaba mwanangu. Tupo. Anza na chakula, huko ndiko maneno yatakuwa mengi.

Mama Neema: Sawa mzee. Nimeandika hivi: "Kila mwanafunzi atapata uji saa nne na chakula cha mchana. Kila mzazi atachangia debe moja la mahindi na kilo tatu za maharage kwa muhula, au fedha ya thamani hiyo."

Baba Shabani: Na asiyeweza? Muhula uliopita kuna watoto walikuwa wanakaa chini ya mwembe wenzao wakila. Nimewaona kwa macho yangu. Mtoto wa darasa la pili anajua nini kuhusu mchango?

Mama Pili: Kweli Baba Shabani. Wengine wanakimbia nyumbani saa sita na hawarudi tena.

Mwalimu Mstaafu: Poleni na majukumu. Waraka wa Elimu Na. 3 wa 2016, ule wa elimu bila malipo, chakula cha mtoto wa kutwa uliwaachia wazazi. Lakini hakuna mahali uliposema mtoto arudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango. Mama Neema, ongeza: mzazi anayedaiwa ataitwa yeye mwenyewe na kamati, na jina la mtoto wake halitasomwa mstarini. Bila maneno hayo mtu akikasirika atamshukia mtoto.

Mama Neema: Nimeongeza mwalimu. Na kaya ambazo mtaa unazijua hazina kitu zipewe kazi ya mikono, kama kuleta kuni au kusaidia jikoni?

Mwenyekiti wa Mtaa: Bibi anayelea wajukuu wanne usimpe kuni. Orodha ya kaya za kusamehewa niachieni mimi na mabalozi wa nyumba kumi, ila isibandikwe ukutani.

Dada Nesi: Samahanini nimechelewa, nilikuwa zamu. Naomba tukae kidogo kwenye hayo mahindi. Kila mzazi akileta debe lake, shule inamwaga yote kwenye ghala moja. Debe moja lililovunwa mbichi au lililonyeshewa likiingia humo, ukungu unatambaa kwenye mengine, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa mahindi ya namna hiyo. Sumukuvu haitoki kwa kuchemsha, na mahindi yanaweza kuwa nayo bila wewe kuona chochote kwa macho.

Mama Pili: Mungu wangu. Sasa tutajuaje?

Dada Nesi: Kupima sumu yenyewe ni kazi ya maabara. Sisi tunaweza kupima unyevu, kwa sababu mahindi makavu ukungu hauyawezi kirahisi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka mahindi mpaka robo, tia chumvi kavu vijiko viwili vya chakula, funga, tikisa dakika moja au mbili, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji, mwenyewe akayaanike tena. Chumvi ikibaki chini, yapokelewe.

Baba Shabani: Hiyo hata mimi naweza kuisimamia.

Dada Nesi: Basi tukuandike wewe. Magunia yasikae sakafuni, yakae juu ya chaga na mbali na ukuta. Tukipata fedha tununue mifuko ya kinga njaa ile ya tabaka tatu, wadudu wanakufa humo bila dawa. Punje zilizovunjika na zenye rangi ya ajabu zichambuliwe, zisiende kwenye uji wala kwa kuku. Na chumvi ya jikoni iwe yenye madini joto.

Mama Neema: Dada Nesi, haya yote naandika. Na hapo hapo niseme jambo moja linalonisumbua. Ofisini pale shuleni kuna karatasi ukutani ya mambo ya usafi, imepauka, na hakuna mtu anayejua nani alitakiwa kufanya nini. Naomba kila sentensi ya mwongozo huu iwe na mtu na siku. Tukiandika "mahindi yatapimwa" tutarudi kule kule. Iwe "Baba Shabani na mzazi mmoja wa darasa la nne watapima mahindi siku ya kupokea, na watatia saini daftari la ghala".

Mwalimu Mstaafu: Hilo ndilo la msingi kuliko yote. Naliunga mkono.

Bibi Mihogo: Shikamooni ambao mnatakiwa kunipa shikamoo 🙏🏾 nasoma tu. Nimesikia mnataka kutufukuza wauzaji wa getini. Mimi mihogo yangu watoto wanakula miaka yote.

Mama Neema: Shikamoo bibi. Hakuna anayekufukuza. Rasimu inasema wauzaji wa getini wafunike chakula, wasishike fedha na chakula kwa mkono huo huo, na juisi za rangi za kwenye vifuko zisiuzwe muda wa masomo.

Bibi Mihogo: Marahaba mwanangu. Kufunika nitafunika. Maji ya kunawa ninyi mtaniletea? Bomba la shule linafungwa saa tatu.

Dada Nesi: Bibi yuko sahihi. Tukidai usafi tuweke na maji. Kibuyu chirizi cha kunawia mikono kimoja getini na viwili kwenye njia ya vyoo. Dumu la lita tano, kamba, kijiti cha kukanyaga na sabuni yenye tundu. Darasa la sita wanaweza kuvitengeneza siku moja. Kazi ngumu ni kuvijaza kila asubuhi, kwa hiyo tuandike darasa la zamu na mwalimu wake.

Bibi Mihogo: Cha getini nitakijaza mimi.

Mama Pili: Vyoo je? Kipimo cha wizara ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Sisi tuko mbali sana na hapo, tusidanganyane.

Mwenyekiti wa Mtaa: Matundu mapya ni bajeti ya halmashauri, nitalipeleka kwa Mtendaji wa Kata. Kwenye mwongozo tuandike tunachokiweza wenyewe.

Mama Pili: Tunachokiweza ni milango kuwa na komeo kwa ndani. Na kile chumba cha stoo kiwe cha wasichana kujisitiri: ndoo ya maji, sabuni, pipa lenye mfuniko, taulo za kike za akiba. Binti yangu akiwa kwenye siku zake anabaki nyumbani. Hilo ni somo la hesabu linampita kila mwezi. Kodi ya taulo za kike iliondolewa 2018, mwaka uliofuata ikarudi, na bei dukani mnaijua. Akiba ya shule ichangwe na sisi wazazi, na baba zao wachange pia.

Baba Shabani: Tutachanga. Ila ufunguo akae nao nani?

Mwalimu Rehema: Usikae na mtu. Chumba kiwe wazi saa zote za masomo. Mtoto akilazimika kuomba ufunguo mbele ya wavulana hataomba. Akiba nitaisimamia mimi na mwalimu mwenzangu wa kike.

Mwalimu Rehema: Na kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa ushauri na unasihi, naomba niseme na la sanduku la maoni. Lipo nje ya ofisi, usawa wa dirisha la walimu. Mtoto akitumbukiza karatasi anaonekana, na anayelifungua ni mtu wa ofisi hiyo hiyo. Sasa mtoto anayeteswa na mwalimu, au na mtu wa nyumbani, atamwandikia nani?

Mama Neema: Tulihamishie wapi mwalimu?

Mwalimu Rehema: Kwenye njia ya maktaba, watoto wanapita peke yao. Liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwangu, mwingine kwa mama mmoja wa kamati asiyekuwa mwalimu. Lifunguliwe kila Ijumaa sote wawili tukiwepo. Likitoka jambo la ukatili, siku hiyo hiyo liende ustawi wa jamii na dawati la jinsia polisi. Lisijadiliwe kikaoni wala humu kundini. Namba 116 ya kusaidia watoto, ambayo ni bure kupiga, ichorwe ukutani kila darasa.

Dada Nesi: Mwalimu, ongeza na mtoto anayebadilika ghafla. Aliyekuwa mchangamfu akawa kimya, akaanza kulala darasani, akaacha kula. Wengi tunaita uvivu. Mwalimu wa darasa amwambie Mwalimu Rehema, na mzazi aitwe kwa faragha.

Baba Shabani: Na viboko? Mimi nasema wazi, mtoto asiyechapwa anaharibika.

Mama Pili: Baba Shabani, wanangu hawachapwi na wala hawajaharibika.

Mwalimu Mstaafu: Nimefundisha muda mrefu na fimbo nimeitumia. Leo siitetei, aliyeniogopa hakuniuliza swali. Ila hata anayeitetea afuate kanuni za viboko shuleni za 2002: visizidi vinne, achape mwalimu mkuu au aliyepewa idhini naye kwa maandishi, mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na kila tukio liandikwe kitabuni. Kinachofanyika madarasani kila siku, kila mwalimu na fimbo yake mkononi, hakiruhusiwi na kanuni yoyote.

Mama Neema: Mimi naomba shule yetu iache kabisa, na nitasimama kikaoni kuliomba hilo. Wasipokubali, basi kitabu cha adhabu kikaguliwe na kamati kila mwisho wa mwezi. Baba Shabani, hilo la kitabu unaliafiki?

Baba Shabani: La kitabu naliafiki. Hilo lingine tutalijadili Jumamosi.

Mama Pili: Msisahau darasa la saba. Wanatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, wanarudi giza limeingia. Mtoto wa umri ule anahitaji usingizi wa saa tisa angalau kila usiku. Michezo nayo wameondolewa eti wana mtihani.

Dada Nesi: Saa moja ya kukimbia na kucheza kila siku ni ya watoto wote, wa mtihani wakiwemo. Shirika la Afya Duniani ndivyo linavyoelekeza.

Mwalimu Rehema: Wazazi wenyewe ndio mnaoomba masomo ya ziada. Mkiandika mwisho uwe saa kumi jioni, walimu wengi watafurahi.

Mama Neema: Naandika saa kumi. Rasimu mpya nitaituma humu kesho usiku. Wasio na simu kubwa, mabalozi wawasomee.

Mwenyekiti wa Mtaa: Kikao ni saa tatu kamili asubuhi. Mtendaji wa Kata nimeshamwalika, la vyoo nitalisema mbele yake. Dada Nesi, njoo na chupa na chumvi uwaonyeshe watu.

Dada Nesi: Nitakuja nazo mzee. Mahindi alete Baba Shabani.