Kaka anakuja na pointi za hoteli: alale Dar, avuke Unguja au azigeuze nauli?

Mwana_Chumbageni
Assalaam aleykum, na wengine habari zenu. Naomba mawazo, tena ya haraka, kaka kanipa mpaka Ijumaa nimjibu.

Kaka yangu yuko Marekani mwaka wa kumi na moja sasa. Ana kadi ya mkopo ya hoteli, ile kila ukinunua kitu, hata petroli na maziwa ya mtoto, unaandikiwa pointi. Zimejaa. Desemba anakuja Tanga na familia, mdogo wetu anaolewa, na anataka pointi ziishie kwenye safari hii hii. Anawaza walale Dar siku kadhaa, mama na sisi tuwafuate huko. Au waanzie Unguja wapumzike kwanza. Au azigeuze maili za ndege zimpunguzie nauli. Mimi nimemwambia njoo nyumbani tu, kasema pointi zitaoza. Lipi bora?

Mzee_wa_Kange
Binti yangu, umeeleza yote ukaliacha lenyewe. Kadi ya hoteli gani? Pointi ngapi? Wanakuja wangapi, na watoto wana umri gani? Pointi za hoteli hii haziingii hoteli ile. Bila hayo tutakupigia ramli.

NgalawaMbili
Unguja, asikudanganye mtu. Kuna Park Hyatt pale Shangani, sehemu yake ni ile nyumba ya zamani ya Mambo Msiige. Ukitoka mlangoni uko Mji Mkongwe, jioni Forodhani. Pointi za Hyatt ndizo pointi. Hizo nyingine ni kama vocha ya dukani, unapewa nyingi hazinunui kitu.

Mzee_wa_Kange
Nani kakwambia ni Hyatt?

NgalawaMbili
Mtu mwenye akili atachukua Hyatt.

Bi_Raskazone
Mimi nimekwama hapo pa "mama na sisi tuwafuate huko". Mama mzima, aende na basi masaa sita, akamwamkie mwanawe hotelini? Mtoto karudi baada ya miaka, anaanzia mapokezi kuulizwa kitambulisho. Hapana jamani. Mwambie kaka yako Tanga kuna kitanda na neti, na samaki wa kupaka kesho yake asubuhi. Hizo pointi akampe mwenye shida.

Kijana_wa_Kaole
Shikamoo Bi Raskazone. Kwa heshima, na wewe usiwe mkali. Wifi mtu hajawahi kufika, watoto wamekaa angani siku nzima, wakitua wapakiwe tena kwenye gari mpaka Tanga? Ni kilometa 350 kwa Chalinze na Segera. Walale Bagamoyo. Kutoka Dar ni kilometa 70 tu, watoto wataona magofu ya Kaole, Caravan Serai, soko la samaki, ile misheni ya mwaka 1868. Na Chuo cha Sanaa ukiwakuta wanafunzi wanapiga ngoma, mtoto wa Marekani hatoki pale.

Mzee_wa_Kange
Na pointi zitalipa wapi huko Bagamoyo?

Kijana_wa_Kaole
Hapo sawa, hoteli za Bagamoyo ni za watu binafsi, hazimo kwenye makundi makubwa ya hoteli kama hiyo Hyatt. Atalipa taslimu. Lakini si lazima kila kitu kilipwe kwa pointi, mkuu.

Mwana_Chumbageni
Bi Raskazone ahsante kwa kunisemea 😂 mama kasema maneno hayo hayo. Samahani wengine, nilikuwa kazini. Wako watano: kaka, wifi, watoto watatu. Kadi sijui jina, ngoja nimuulize akiamka, kule bado usiku.

Mke_wa_Baharia
Dada soma hii kabla hujamjibu. Ni ndefu, nivumilie.

Mwaka juzi shemeji yangu wa Uingereza alitaka kutufanyia jambo zuri kama hilo. Akachukua vyumba viwili kwa pointi, hoteli moja kubwa Dar, jina silitaji. Mpango, yeye anatua asubuhi, sisi na mama mkwe tunafika jioni, tunakutana, tunalala usiku tatu, halafu wote Tanga. Ndege yake ikachelewa, ile ya kuunganisha ikamwacha. Simu hana, yuko angani. Sisi hatujui. Tukafika saa kumi na moja jioni, mama mkwe na kapu lake: vibua vya kukaanga, halua, na mkungu mdogo wa ndizi, kwa sababu "mtoto kala vya friji miaka yote".

Mapokezi wakatuambia vyumba vipo, ila jina lililoandikwa ni la mwenye pointi, na mwenyewe lazima awepo na paspoti. Nikasema huyu ni mamake. Akasema naelewa mama, ila mfumo haunipi. Nikasema basi tulipe leo kwa pesa yetu, yeye akija mtarekebisha. Akatutajia bei. Nikanyamaza.

Tukakaa pale kwenye sofa masaa mawili. Kiyoyozi kinapiga, mama mkwe kajifunika kanga mbili. Vibua vikaanza kutangaza. Akaja mlinzi, kijana mstaarabu kabisa, akauliza kama kapu linaweza kukaa nje. Mama mkwe akamwambia, "Kapu likitoka na mimi natoka." Likatoka, naye akatoka. Tulilala gesti Magomeni, sita kwenye vyumba viwili, tena gesti safi na chai ya asubuhi.

Shemeji akatua kesho yake mchana. Hoteli ikamwambia hukutokea usiku wa kwanza, kwa hiyo vyumba vyote vimefutwa, na pointi ndiyo zimeshakatwa. Zote, za usiku tatu! Aliandika barua pepe miezi mitatu, wakamrudishia nusu. Mpaka leo ukitaja pointi, mama mkwe anauliza, "Za yule wa kapu?"

Kwa hiyo: majina ya wageni WOTE yaandikwe, si ya kaka peke yake. Apige simu hoteli yenyewe, asiishie kwenye programu ya simu, na wamjibu kwa maandishi. Na ajue siku ya mwisho ya kufuta bila kukatwa.

Bi_Raskazone
Nililisema mimi. Kapu la mama halikai nje.

NgalawaMbili
Pole sana, lakini hiyo ni ya ndege kuchelewa, si ya pointi. Hata ukilipa pesa mtandaoni usipotokea wanakukata.

Mke_wa_Baharia
Ukilipa pesa kwa kadi unagombana na benki yako ikurudishie. Pointi unagombana na nani?

Sina_Deni
Mbona hakuna anayeuliza la msingi? Hizo kadi ni riba. Harusi ya Kiislamu, wageni wanalala kwa pesa ya riba.

NgalawaMbili
Ukilipa deni lote kabla ya tarehe hukatwi riba hata senti.

Sina_Deni
Umesaini mkataba unaosema ukichelewa utatoa riba. Shida iko kwenye kusaini, si kwenye kuchelewa.

NgalawaMbili
Basi na wewe uliyekopa kwenye simu jana usiku kununua muda wa maongezi tukuulize.

Sina_Deni
Ile ni ada ya huduma.

Mzee_wa_Kange
Jamani fungueni uzi wenu. Ila niseme moja, hata kwa asiyejali dini: kadi za Marekani riba yake mara nyingi inapita asilimia 20 kwa mwaka. Kama kaka mtu anabeba deni mwezi hadi mwezi ili akusanye pointi, hoteli hiyo anailipa mara mbili. Muulize na hilo, kwa adabu.

Mwana_Chumbageni
Kaamka. Ni MARRIOTT. Pointi laki mbili na elfu kumi. Tena kasema kadi kila mwaka inampa usiku mmoja wa bure, kwa hoteli isiyozidi pointi 35,000. Watoto ni wa miaka 13, 9 na 4.

Mzee_wa_Kange
Haya, sasa tunazungumza. Ngalawa na Hyatt yako kaa pembeni kidogo.

Tuanze na kugeuza maili. Marriott inakupa maili moja kwa kila pointi tatu, na kila ukipeleka 60,000 kwa mkupuo unaongezewa 5,000. Laki mbili na kumi inatoa 70,000, ongeza 15,000, jumla 85,000. Watu watano kutoka Marekani hadi Dar, kwenda na kurudi, hazifiki popote. Labda tiketi ya mmoja, na kodi za tiketi bado atatoa mfukoni. Ukishageuza, hurudishi. Hilo lifuteni.

Dar wako Four Points by Sheraton pale hoteli ya New Africa, na Delta Oysterbay, zote ni familia ya Marriott. New Africa ndipo Wajerumani walipojenga Kaiserhof mwaka 1906. Mnaovuka Unguja boti mnaifuata kwa miguu. Bei za Marriott kwa pointi hupanda na kushuka kama za ndege, na Desemba ndiyo mwezi mbaya, kwa hiyo aangalie leo, asingoje Ijumaa. Ukilala usiku tano mfululizo kwa pointi, ule wa bei ya chini kuliko yote hulipi. Hiyo cheti ya 35,000, yaani ule usiku wa bure, anaweza kuiongezea pointi zake kidogo hoteli ikizidi, ila ina mwaka mmoja tu, ikipita imepotea. Cheti ndiyo inayooza, pointi zenyewe zinakaa: akinunua chochote kwa kadi ndani ya miezi 24 hazifi.

Tatizo ni watu watano. Chumba kimoja hawatakubaliwa, huyo wa miaka 13 wanamhesabu. Vyumba viwili, pointi mara mbili. Chai ya asubuhi huwa haimo, na daraja la uanachama la Silver linalotoka na hiyo kadi halileti chai. Halafu mnataka kuongeza mama na nyinyi?

Kijana_wa_Kaole
Watoto wana paspoti gani? Kama ni za Marekani, visa ni dola 100 kila mmoja. Na wakivuka Unguja, tangu Oktoba 2024 mgeni wa nje analipia bima ya Zanzibar, dola 44 mtu mzima. Pointi hazigusi hayo.

Bi_Raskazone
Kwa hesabu hizo neti yangu bado ni bure.

Mke_wa_Baharia
Mimi ningesema usiku wa kutua tu walale Dar, wao watano, kwa cheti na pointi kidogo. Waoge, watoto walale. Asubuhi gari, jioni Tanga kwa mama. Mama asisogee.

NgalawaMbili
Cheti ni chumba kimoja, Mama Baharia.

Mke_wa_Baharia
Ndiyo nimesema na pointi kidogo. Soma.

Mwana_Chumbageni
Wazo la Mke wa Baharia mama analikubali nusu. Anasema hata usiku mmoja ni mwingi, waje na ndege ndogo ya Dar–Tanga siku hiyo hiyo.

Kijana_wa_Kaole
Watu watano na mabegi ya Marekani kwenye ile ndege! Uzito wa ziada watalipa kuliko hoteli. Wapite barabara ya Pangani basi.

Mzee_wa_Kange
Imeisha kujengwa?

Kijana_wa_Kaole
Nimepita juzi mpaka Saadani, kuna pazuri na kuna pa kushika kiti.

Sina_Deni
Pangani pale ukitaka mihogo na pweza kuna mama mmoja karibu na kivuko, usipite bila kula.

Bi_Raskazone
Mihogo ni Raskazone. Usilete Pangani.

Mwana_Chumbageni
Jamani nimechoka kabisa. Kaka kanitumia ujumbe sasa hivi: kumbe na wifi naye ana kadi yake. Ya Hyatt. Na yeye anataka Unguja.

NgalawaMbili
NILISEMA.

Mke_wa_Baharia
Andikeni majina yote. Na sare ya harusi ni kanga au kitenge? Niko Tanga mwezi huo wote.